Siku Saba Katika Makambi ya Tindouf

Mwezi wa Januari, 2019, Mwenyezi Mungu alitujaalia, sisi na ahali yetu, kufika mahali ambapo wengi wetu twapasikia kwa jina tu, napo ni kwenye makambi ya ndugu zetu Wasaharawi, kusini-magharibi ya Aljeria, karibu na mji wa Tindouf. Twapenda kuwasimulia kidogo khabari za safari ile, na khasa jambo moja lililotukia huko, ambalo hatukuwa na elimu nalo, na ambalo kosa lake lilikuwa letu wenyewe.

Kutoka Algiers mpaka Tindouf ni zaidi ya kilomita 1,400 kwa ndege. Tulishuka usiku, na baridi ikatupokea kwa ukali hata tukajuta kuziacha kabati zetu za nyumbani na kila kilichokuwa cha sufi ndani yake. Asubuhi ndipo tulipoiona nchi. Wenyeji huiita hamada, yaani uwanda wa mawe na changarawe usiokuwa na mti wa kivuli, wala vile vilima vya mchanga laini tunavyoviona katika kalenda. Kiangazi joto lake hukaribia digrii 50. Mvua ni adimu, lakini ikija huja na maafa: Oktoba 2015 ilinyesha mfululizo, na nyumba za matofali ya udongo, maelfu kwa maelfu, zikarudi kuwa udongo.

Watu hawa walianza kukimbilia hapo mwishoni mwa mwaka 1975, Hispania ilipokuwa ikiiacha Sahara ya Magharibi na vita vikazuka juu ya nchi ile. Makambi yao makubwa ni matano, na kila moja lina jina la mji waliouacha nyuma: Laayoune, Smara, Auserd, Dakhla na Boujdour. Hesabu ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2018 ilitaja watu 173,600. Hapana shamba la kuwatosha hao katika mawe yale. Huishi kwa msaada, na katika vyakula vinavyogawiwa unga wa ngano ndio mwingi.

Sisi tulifikia Smara, kwa mzee mmoja mwalimu wa Kurani, akaaye na mkewe, binti yake na wajukuu watatu. Wana chumba cha udongo, na kando yake wamepiga hema, kwa kuwa mzee hapati usingizi chini ya dari. Ukarimu wao hatuwezi kuueleza ukatosha. Maskini wa namna ile, aliyepimiwa mpaka maji yake, hukukalisha juu ya zulia na kukumiminia chai gilasi tatu, moja baada ya moja, na usipoimaliza ya tatu huonekana umeondoka na haki ya watu. Pamoja na chai hutolewa mkate. Usipokuwa na mkate hutaki kuonekana na mgeni.

Katika wale wajukuu alikuwamo mvulana wa miaka tisa hivi. Siku ya kwanza alitusomea Suratul-Mulk yote, bila kukwama, ubao wake magotini. Alikuwa mchangamfu, mwingi wa maswali: Je, kwenu kuna ngamia? Je, bahari ina harufu? Tukampenda mara moja.

Basi siku ya pili, baada ya alasiri, tukafungua kisanduku tulichokinunua Algiers. Ndani mlikuwa na makrout, tamutamu mashuhuri ya nchi zile, iliyojazwa tende na kuchovywa katika asali. Tukawagawia watoto. Yule mvulana akasita, akatazama upande wa jiko, lakini mama yake alikuwa amekwenda kuteka maji. Tukamwambia kwa Kiarabu chetu kibovu, "Chukua mwanangu, zawadi ya mgeni hairudishwi." Akachukua moja, kisha ya pili. Nasi tulijiambia: tende na asali, vitadhuru nini? Hatukufikiri hata kidogo juu ya kile kinachoishika ile tende, nacho ni unga wa chengachenga wa ngano.

Usiku alitapika. Kulipokucha tumbo lilikuwa limetulia, nasi tukadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mtoto tuliyemwona siku ile hakuwa yule wa jana. Alikaa ameupa uso ukuta wa hema. Dada yake alipomgusa bega alimpiga kofi. Babu alipomwita kwenye ubao hakuinuka, na baadaye alipojaribu kusoma, aya alizozijua vyema zilimpotea kinywani, akautupa ubao chini. Ubao wenye maneno ya Mwenyezi Mungu!

Hapo sisi, tuliokula chumvi ya nyumba ile siku mbili tu, tukajipa kazi ya kumrekebisha. Tulimwita, tukampa mawaidha juu ya hasira na Shetani, juu ya haki ya mwalimu, na juu ya subira. Tukamwambia akatawadhe. Akatutazama kwa macho mekundu, kisha akaangua kilio cha mtu aliyefiwa. Twakiri kuwa moyoni tulisema: mtoto huyu amedekezwa.

Mama yake akaingia. Hakumkaripia. Alimshika kidevu, akamwangalia machoni, kisha akauliza, "Jana amekula nini?" Tukamwonyesha kisanduku. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mtoto huyu haruhusiwi ngano. Msimlaumu kwa siku tatu hizi. Hayo si maneno yake."

Ndipo tulipoifahamu khabari yenyewe. Mvulana yule ana maradhi yaitwayo siliaki. Katika ngano, shayiri na rai mna kitu kiitwacho gluteni, ndicho kinachoufanya unga unate na mkate uumuke. Kwa mtu mzima wa afya hakina neno. Kwa mwenye siliaki, askari wa mwili, yaani kinga yake, hukitazama kama adui, na katika kupigana nacho huharibu utando wa utumbo mdogo, pale mwili unapofyonza chakula. Basi mtoto hula asinenepe, hupungukiwa damu, hadumu kukua. Dawa ya kumeza hapana; dawa ni kuiacha gluteni maisha yote, na kuiacha kweli kweli. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa hata milligramu 50 kwa siku, zikiliwa miezi mitatu, zatosha kuanza kuudhuru utumbo, na kiasi hicho ni kidogo kuliko kilichomo katika tonge moja la mkate.

Na Wasaharawi wamejaribiwa kwa maradhi haya kuliko taifa lolote lililopata kupimwa. Mwaka 1999 matabibu walitangaza kuwa walipowapima watoto karibu 1,000 wa makambi haya, waliwakuta karibu 6 katika kila 100 wanayo. Ulaya hukadiriwa kuwa mtu 1 katika 100. Wataalamu hutaja asili ya damu yao, na hutaja pia kugeuka kwa maakuli. Mababu zao walikuwa wahamaji, chakula chao maziwa ya ngamia, nyama na tende, na nafaka kidogo tu. Kisha mkate ukaja na Wahispania, na ukimbizini ukawa ndio tegemeo. Tazameni, wasomaji wetu, mtihani ulivyo: kile kile kinachowaokoa na njaa ndicho kinachowadhuru baadhi yao.

Lakini sisi tulitaka kujua zaidi ile khabari ya hasira na kilio, kwa maana ya tumbo tuliielewa. Siku ya nne mzee alitupeleka kwenye zahanati, kwa muuguzi mmoja wa kike ambaye, kwa kudra ya Mungu, ana maradhi hayo hayo. Alitueleza kuwa mtu aliyeizoea miiko yake, akila ngano kwa bahati mbaya, kinga ya mwili huamka kwa saa chache tu, na vichocheo vyake huenea katika damu, wala havikomei tumboni. Wagonjwa wengi husimulia hali moja: uchovu, kichwa kizito, ukungu katika fikra, kisha wepesi wa kukasirika, wasiwasi, au huzuni isiyo na sababu. Kwa wengine hukaa siku moja, kwa wengine siku kadhaa, halafu huondoka. Na katika watoto wadogo waliogunduliwa karibuni, akasema, aghalabu tabia ndiyo hupona kwanza. Mama humwona mwanawe akicheka kabla hajamwona akinenepa.

"Nami je?" akaendelea. "Nikipatwa, sitoi dawa peke yangu. Humwita mwenzangu azihesabu tena, kwa kuwa siku ile siiamini akili yangu. Na nyumbani huwaambia mapema: leo nimekula kisichofaa, maneno yangu msiyapime." Tuliona hiyo ni hekima kubwa. Ni wangapi wetu, wazima wa afya, tuwezao kuwaonya watu wetu juu ya ghadhabu yetu kabla haijafika?

Uhusiano wa mkate na maradhi haya nao una historia yake. Aliyeupambanua ni tabibu wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, wa hospitali ya watoto ya Juliana mjini The Hague. Alikwisha kuushuku mkate kabla ya vita, na njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 ikamzidishia yakini, kwa kuwa mkate ulipokosekana wagonjwa wake walipata nafuu, na uliporudi walidhoofika tena. Mwaka 1950 aliandika risala yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Njaa iliyowaua wengine iliwapumzisha watoto wale. Mambo ya Mola hayana mpaka.

Turudi Smara. Jioni ile tulikuwa na huzuni ya kosa letu, na katika kutafuta la kufidia tukaikumbuka talbina, uji wa shayiri uliotajwa katika hadithi ya Bibi Aisha kuwa humpumzisha mgonjwa moyo na kumwondolea baadhi ya huzuni. Tukashauri apikiwe. Binti wa mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana: "Shayiri nayo ni nyumba ile ile." Tukaona haya, na pia tukatatizika kidogo, tukamtazama mzee. Yeye hakutatizika. Alisema kuwa Mola aliyemruhusu mgonjwa kufungua saumu, nayo ni nguzo ya dini, hawezi kumlazimisha mtoto kunywa uji unaomdhuru. Dawa ni dawa kwa mwenye kufaana nayo, na hadithi haipungui kitu.

Akatusimulia kuwa kabla ya kupimwa damu, mjukuu wake alikuwa hivyo kila siku, si siku tatu. Majirani walisema ni jicho, wengine jini, wengine malezi. Babu mwenyewe alimsomea ruqya usiku mwingi, na mara moja, akasema huku ameinamisha kichwa, alimpiga kwa kuutupa ubao. "Tulisoma, na mpaka leo twasoma," akasema, "na mkate pia tumeuondoa."

Hapa twataja jambo ambalo wazazi watalihitaji. Muuguzi alituonya kuwa mwenye kumshuku mwanawe asimwachishe ngano kabla ya kupimwa damu, kwa kuwa kipimo hutafuta alama za vita vile, na vita vikikoma alama nazo hufifia. Apimwe kwanza, kisha tabibu aseme.

Ahali yetu alishinda jikoni na yule mama, akaona kazi ilivyo. Mtoto ana sufuria yake, chekecheo lake na kijiko chake, na unga wake wa mahindi na mchele hutiwa katika debe lenye kifuniko, mbali na gunia la ngano. Mkate wa wengine hukandwa upande wa pili wa hema, na hukandwa akiwa nje. Kazi ngumu kuliko zote, akasema, ni wageni. Kumkatalia mgeni ni aibu, na mtoto huijua aibu hiyo kabla ya kuijua hatari.

Kisha akauliza, nasi kwetu hufuturu nini Ramadhani? Ahali yetu akamhesabia: muhogo wa nazi, ndizi mbichi, magimbi, viazi vitamu, maharage, wali, vitumbua vya mchele. Mama akaweka kijiko chini. "Basi mwanangu angekaa kwenu mwezi mzima asikose kitu!" Ilibidi kumtajia na maandazi, chapati, sambusa na tambi, na kwamba siku hizi futari nyingi ndizo hizo hizo, tena viko vitumbua ambavyo mpishi huvichanganyia unga wa ngano kidogo bila kumwambia mtu. Lakini alilolishika ni lile la mchele.

Siku ya sita asubuhi tuliamshwa na sauti ya kisomo nje ya hema. Ubao ulikuwa magotini, na Suratul-Mulk ilitoka moja kwa moja. Alipomaliza alituletea gilasi ya chai kwa mikono miwili, akatuomba radhi kwa kutofuata mawaidha yetu. Sisi tulikuwa tumejiandaa kumwomba yeye radhi, naye akatutangulia. Maneno yetu yakawa machache na machozi mengi.

Kabla ya kuondoka ahali yetu aliandika kwa Kiarabu namna ya kupika vitumbua: mchele uliolowekwa usiku, usagwe, utiwe hamira, sukari, iliki na tui, uachwe uumuke. Mama alikubali kila kitu mpaka kwenye tui. Mvulana akauliza nazi ni nini. Tulimwelezea mnazi kwa mikono, urefu wake na kutikisika kwake na upepo wa bahari, naye akageuka, akaitazama hamada ya mawe pande zote nne, akasema, "Tutatia maziwa ya mbuzi."