Nilijifunza Baiskeli Nikiwa na Miaka 26, Tena Ile ya Kulalia

Kuna sheria haijaandikwa popote lakini mtaani kila mtu anaifuata: kama hukujifunza baiskeli ukiwa mtoto, sahau. Mtoto akianguka anapanguswa vumbi na kuambiwa jaribu tena. Mtu mzima akianguka anarekodiwa.

Na kama wewe ni dem, hata huo utoto haukusaidii. Ocha kwetu baiskeli ilikuwa ya vijana. Ukiishika tu, dani anakuuliza kama unataka kukosa mume, bila kufafanua. Kaka zangu walipelekwa posho mill na baiskeli. Mimi nilipeleka mahindi yaleyale kwa kichwa. Hiyo hesabu ilinichukua miaka kuielewa.

Sasa cuzo yangu ni fundi wa kuchomelea hapa Kisumu. Mwaka jana alichukua baiskeli mbili kuukuu, akakata, akaunga, akatoa kitu ambacho watoto waliita “kiti cha kinyozi”. Unakaa umeegemea nyuma, miguu imenyooka mbele, pedali ziko mbele ya gurudumu la kwanza. Mnyororo ni mrefu hadi aliunganisha mitatu. Alinitazama akasema, “Wewe ndio utaijaribu, kwa sababu hujui kuendesha.”

Nilidhani ananitusi. Kumbe alikuwa na pointi.

Kaka yangu, mtu ameendesha baiskeli tangu darasa la tatu, alipanda kwanza akaanguka mara tatu kabla ya kufika golini. Amezoea kusawazisha na kiuno na kusimama juu ya pedali. Kwa hii, mgongo umekaa kwenye kiti na kiuno hakina kazi. Usawa wote uko kwa usukani, kidogo kidogo. Ilibidi asahau kwanza ndiyo ajifunze. Mimi sikuwa na chochote cha kusahau.

Siku ya kwanza sikugusa pedali. Tulitafuta mteremko mdogo, nikanyanyua miguu, nikateleza hadi chini, nikarudi juu. Mara ishirini hivi. Siku ya pili: kanyagio la mguu wenye nguvu liwe juu, shika breki, egemea vizuri, achilia breki, sukuma kwa nguvu bila kuwaza. Zile mita tano za kwanza ndizo mbaya, kwa sababu baiskeli ikienda polepole inayumba kama mlevi. Ukiogopa ukapunguza mwendo, inazidi. Ukikaza mabega, inazidi. Legeza mikono, angalia mbali. Ukiangalia shimo, utaingia shimoni. Kuanguka nilianguka, lakini ardhi iko karibu, kwa hivyo ni kiwiko tu kilichobanduka.

Siku ya nne nilizunguka uwanja mzima. Sikulia. Okei, nililia kidogo.

Usiku huo nikaanza kuchimba historia yake. Mwaka 1933, Mfaransa Francis Faure, ambaye hata hakuwa kwenye kundi la mabingwa wakubwa, aliendesha baiskeli ya aina hii iliyotengenezwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja. Akapita rekodi ya Oscar Egg iliyokuwa imekaa tangu 1914. Ukiegemea, upepo unakusumbua kidogo, hiyo ndiyo siri. Shirikisho la kimataifa la baiskeli lilifanya nini? Mwaka 1934 likaamua kwamba hiyo si baiskeli ya mashindano. Basi.

Kwa hivyo ile baiskeli tunayoiita ya kawaida ni ya kawaida pia kwa sababu watu fulani walikaa kikao. Hapo ndipo nilimkumbuka dani na posho mill. Mambo mangapi tunayaita “ndivyo yalivyo”, na kumbe kuna mtu aliamua tu?

Sitawadanganya ati ni raha tupu. Mlimani huwezi kusimama ukanyage na uzito wa mwili. Unaweka gia nyepesi, unazungusha miguu haraka na kuvumilia. Na barabarani uko chini sana, dereva wa matatu anaweza asikuone kabisa. Nimefunga fimbo ndefu yenye kitambaa chekundu nyuma ya kiti, na bado barabara kubwa siingii. Njia za baiskeli zenyewe, pale zilipo, zimejaa nduthi na vibanda. Hiyo ni post ya siku nyingine.

Lakini kuna mama anauza omena karibu na ule uwanja. Alinitazama wiki nzima bila kusema kitu, nikajua ananisengenya kimoyomoyo. Jumamosi akaniita: “Nyathina, hiyo inabeba mtu mzito?” Nikamwambia kiti ni kipana, inabeba. Jumapili akaja, suruali ndani ya leso, akateleza mteremko mara sita akipiga kelele. Ana wajukuu huyo. Na waliocheka? Walicheka, wakachoka, wakaenda nyumbani. Yeye amesema atarudi.

Kicheko cha watu hakimalizi hata nusu saa, nimepima. Usichojifunza unakaa nacho miaka. Kwa hivyo niambie hapo chini: wewe ni kitu gani uliambiwa umechelewa, na ni nani hasa alikuambia?