Mtihani Kafaulu, Muda Unakwisha

Juzi nilikuwa Masasi kikazi, nikapanda hadi Newala kumsalimia binamu yangu. Jamaa alikuwa anasomea urubani Marekani. Alifaulu mtihani wa maandishi wa leseni ya urubani wa biashara, halafu hela ikakata. Akarudi nyumbani kusubiri korosho za baba yake.

Wengi tunadhani ukishafaulu, umefaulu. Kwa rubani sivyo. Marekani matokeo hayo yanaishi miezi 24 tu. Ukiwa hujafanya mtihani wa vitendo angani, unarudi kwenye karatasi. Ya leseni ya juu kabisa, ya kurusha ndege kubwa za abiria, yanadumu miezi 60. Ulaya, kwa leseni ya biashara, ni miezi 36.

Sababu naielewa: elimu isiyotumika huota kutu, na kanuni za anga hubadilika. Lakini mkorosho haujui kalenda ya mtu. Unazaa mara moja kwa mwaka. Bei ikianguka, mwaka umekwenda.

Tulikaa ukingoni, bonde la Ruvuma likiwa chini yetu. Nikamuuliza, imebaki miezi mingapi?

"Minne, kaka."

Nikanyamaza. Ungekuwa wewe, ungemwambia nini?