Fungate ya Watu wa Nchi Kavu

Siku pamba yetu ilipopimwa, Fundi alikuja jioni akiwa na picha kumi na saba za Unguja kwenye simu. Nilizihesabu kwa sababu alinilazimisha nizione zote, moja moja, tumekaa kwenye benchi chini ya mwembe nyumbani kwa baba, hapa Ipililo. Mchanga mweupe wa Kendwa. Boti za tanga Nungwi jua linazama. Na ule mgahawa wa Michamvi Pingwe uliojengwa juu ya jiwe baharini, maji yakijaa unaufikia kwa mtumbwi.

"Fundi," nikamwambia, "mawe tunayo. Usukumani kote ni mawe. Tusichonacho ni maji."

"Ndiyo maana twende kwenye maji."

Sikuwa na la kujibu. Tulikuwa tufunge ndoa mwezi wa saba, bomani, bila mbwembwe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, yeye ni seremala pale Maswa mjini. Mimi nilishaolewa mara moja. Yeye ni mjane, ana binti wa miaka tisa. Kila kitu kikishalipwa, tungebaki na kama milioni moja na laki tisa. Hiyo ndiyo iliyokuwa hela ya fungate, na kwa mwezi mzima iliketi katikati yetu kama mgeni ambaye hakuna anayejua ataondoka lini.

Neno lenyewe, fungate, si la kwetu. Ni la pwani, na maana yake ya zamani ni saba. Wagiriama wa Kenya hadi leo wakihesabu, baada ya sita wanasema fungahe. Fungate ilikuwa siku saba za maharusi kukaa ndani, wanaletewa chakula, hawaendi popote. Yaani ukiifuata asili, fungate haihitaji boti wala tiketi. Kwetu sisi hata hizo siku saba hazikuwepo. Mama anasema yeye aliolewa Jumamosi na Jumatatu alikuwa lamboni na ndoo kichwani. Nilipomweleza Fundi habari hii ya Wagiriama alinitazama kama wanafunzi wangu wanavyonitazama nikianza ngeli. "Mwalimu, mimi nataka kuona bahari. Basi."

Basi tukaanza kuchambua visiwa, kama watu wenye pesa.

Mafia niliipenda kwa sababu ya papa potwe, yule samaki mkubwa kama basi ambaye hana habari na nyama ya mtu. Lakini papa potwe wanaonekana zaidi kuanzia mwezi wa kumi hadi wa tatu, na sisi tulikuwa watu wa mwezi wa saba. Mwezi wa saba ni kusi, bahari inachafuka, na njia ya kwenda Mafia ni kushuka Nyamisati kupanda chombo hadi Kilindoni. Mtu ambaye hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo usimwanzishie kwenye kusi. Mafia ikatoka. Pemba haikudumu hata jioni moja. Fundi aliuliza huko kuna nini, nikasema karafuu na msitu wa Ngezi, akasema miti anaiona kila siku karakana.

Ikabaki Unguja. Ningeikubali, lakini mimi nilikuwa na kisiwa changu moyoni na sikuwa nimekitaja.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka 2014 nilirudishwa nyumbani. Nilikuwa nimekaa kwa mume miaka minne bila mtoto. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitukana. Nilifungiwa tu nguo zangu kwenye shuka, na shemeji yangu akanisindikiza kwa bodaboda hadi hapa. Kwa desturi yetu, mke akirudi bila kuacha mtoto, ng'ombe wote wa mahari wanarudi. Walikuwa kumi na wanne. Baba alikuwa nao tisa. Waliobaki walikuwa wameliwa na ukame na ada zangu za chuo. Wawili alinunua. Watatu alikopa kwa baba mdogo. Ng'ombe walipitishwa hapa mbele ya nyumba asubuhi moja, nami nikawa nawatazama dirishani. Baba hajawahi kunitajia jambo hilo hata siku moja. Nadhani ningepumua vizuri zaidi kama angalau angefoka.

Wiki mbili za mwanzo nilikuwa natazama njia ya Maswa. Si kwamba nilimtaka sana yule bwana. Nilitaka tu aje.

Mwaka uliofuata mwalimu mwenzangu aliniazima kitabu kikubwa chenye jalada la karatasi ya kaki: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza. Wasomaji wa ukurasa huu wengi mnakijua angalau kwa jina. Kitereza alikuwa mtu wa Ukerewe, alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kukichapa, mwishowe akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House walikitoa mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka 1981 kabla kitabu hakijamfikia mkononi. Miaka thelathini na mitano! Mimi nikikaa na mitihani ya wanafunzi wiki mbili bila kusahihisha naona nimeonewa.

Lakini si historia hiyo iliyonikamata. Kilichonikamata ni kwamba Bugonoka hazai. Ukweni wanamsema, wazazi wake wanakuja kumchukua, anarudi kwao. Na Myombekere anamfuata. Anakwenda mwenyewe kwa wakwe, anadhalilika, anaambiwa alete pombe ya ndizi, anahangaika kuitengeneza, anaileta. Kurasa na kurasa ni mwanaume anapambana na ndizi ili arudishiwe mke asiyezaa. Watoto wanakuja baadaye, baada ya mganga, lakini safari yake kaifanya kabla hajajua kama watakuja. Kitereza mwenyewe na mkewe walizika watoto wao, na hakuoa mwingine. Ukijua hilo, zile ndizi unazisoma vingine kabisa.

Baba macho yake hayaoni karibu, kwa hiyo nilimsomea. Jioni, ng'ombe wachache waliobaki wakishaingia zizini. Kiswahili cha kitabu hakikumsumbua, kwa sababu maisha yale aliyajua. Aliwasahihisha wahusika jinsi ya kushika jembe. Tulipofika pale Myombekere anaondoka kwenda ukweni, akanisimamisha.

"Alimfuata mwenyewe, mayu, au alituma watu?"

"Mwenyewe, baba."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akamwita mdogo wangu aangalie kama mbuzi wote wameingia.

Sasa unaelewa kwa nini kisiwa changu kilikuwa Ukerewe. Na mtu wa fasihi akitaka visingizio havikosi. Kisiwa kimoja ziwani, kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, kimetoa Kitereza, kimetoa Gabriel Ruhumbika aliyekipeleka kitabu hicho kwenye Kiingereza, kimetoa Euphrase Kezilahabi. Namagondo ya Rosa Mistika si ya kubuni. Ndiko Kezilahabi alikozaliwa mwaka 1944. Huyo Rosa niliwahi kumlilia darasani mbele ya kidato cha tatu, nikasingizia vumbi la chaki. Unguja nayo ina waandishi wake, sibishi: Shafi Adam Shafi, na Gurnah wa Nobel ya 2021. Ila hakuna aliyeniandikia mimi.

Nikamwambia Fundi. Nilimwambia yote, Bugonoka, ndizi, pombe. Nikampigia hesabu: kwenda Dar tu ni basi hadi Dodoma, halafu treni ya SGR, halafu boti, halafu hoteli zinazohesabu kwa dola; milioni na laki sita kwa siku tano, na hapo tunakula kwa kujibana. Ukerewe ni Maswa, Bariadi, Lamadi, Bunda, unashuka Kisorya, kivuko, umefika. Laki nne na nusu siku nne, na samaki unakula mpaka unamchoka.

Mama, aliyekuwa anapepeta mtama pembeni, akaingilia. Mama ana orodha yake. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, alisikia redioni akiwa na mimba ya mdogo wangu. Septemba 2011, Spice Islander ikielekea Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, imebakiza kidogo tu kufika Ukara, watu zaidi ya mia mbili. "Maji ni yale yale," akasema. "Ya chumvi, ya baridi, yote hayana shina la kushika." Nikamwahidi kwamba Ukara hatutakanyaga, kwa hiyo lile jiwe la Ukara linalocheza sijaliona mpaka leo.

Fundi alikuwa kimya. Nilidhani ni hesabu. Kumbe.

Alinisindikiza hadi kwenye mlango wa jiko, akasema pale pale, bila kunitazama, kwamba Unguja aliwahi kumwahidi mama wa binti yake. Walipooana hawakuwa na kitu, akamwambia pamba ikikubali tutakwenda. Pamba haikukubali mwaka ule, wala uliofuata, halafu akaugua. Zile picha kumi na saba, kumi na mbili zilikuwa za zamani. Alikuwa akizihamisha kutoka simu moja hadi nyingine.

Niliumia, sifichi. Nilimwambia kwa hasira kwamba mimi siendi kukaa kwenye fungate ya mwanamke mwingine, hata kama ni marehemu, Mungu amrehemu. Akaniuliza polepole, kama mtu anayepima mbao:

"Na wewe, Mwalimu, unanipeleka Ukerewe kumwona nani? Si yule ambaye hakukufuata?"

Nililala na maneno hayo siku tatu. Niliyageuza kila upande nikitafuta kasoro, kama ninavyotafuta kasoro kwenye insha ya mtoto anayenizidi akili. Nilimtaka Myombekere kwa sababu nilikuwa bado nimesimama dirishani. Na yeye alikuwa bado anadaiwa safari. Watu wawili wazima, kila mmoja amebeba kisiwa chake mgongoni, tunagombana tukalale kwenye kipi.

Nilijaribu kumwambia tusiende popote. Tukae siku saba ndani kama Waswahili wa kale, chakula tuletewe. Akacheka, akauliza nani atatuletea, mama? Hapo ndipo tuliporudi kuzungumza kama watu.

Tulivyoamua hakukuwa kwa haki sana. Mwenye kisiwa cha bei nafuu alishinda, ndivyo ilivyo kwa watu wa kipato chetu. Unguja tuliipa mwaka: tukiwa na hela tutakwenda watatu, na binti, kwa sababu ahadi ile sasa ni ya kwake zaidi kuliko yangu. Fundi alilisema hilo mwenyewe, na nilimwona bega lake linashuka.

Na zile laki zilizobaki, mimi niliomba jambo moja. Tukanunua mitamba miwili mnadani. Fundi ndiye aliyewapeleka nyumbani, kwa miguu, akiwa na fimbo, viatu vyake vya harusi vimejaa vumbi jeupe. Mahari yangu ya pili ilikuwa ndogo na ilishamalizwa, kwa hiyo baba alishangaa. Akauliza hawa ni wa nini. Fundi akasema, "Wa baba mdogo." Baba hakusema asante. Aliwazunguka mara moja, akagusa nundu ya mmoja, akachukua kofia na kuwaswaga kwenda kwa mdogo wake jioni ile ile, hakungoja hata chai. Ametembea haraka namna ile mara ya mwisho sijui lini. Bado mmoja.

Tulifika Kisorya saa tano asubuhi, tumebanwa ndani ya hiace na gunia la dagaa la mtu. Kivuko kilikuwa ng'ambo, Rugezi, kinapakia. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, na wamama walikuwa wanauza machungwa ya Ukerewe yale ya kijani ambayo ukiyatazama unadhani ni mabichi. Nilinunua manne. Nilipogeuka Fundi hakuwepo.

Alikuwa ameshuka hadi ukingoni, amevua viatu, amekunja suruali. Mbele yake maji yalikwenda mpaka yakashikana na mawingu. Nikapiga kelele, "Fundi, kichocho!" kwa sauti ya mwalimu wa zamu, watu wote wakageuka. Hakusikia, au alijifanya. Aliinama, akachota kwa kiganja, akaonja.

"Haina chumvi," akasema, kama mtu aliyepunjwa dukani.

Nikammenyea chungwa.