Daftari la Hospitali Linaposema Kiingereza

Huku kwetu Bariadi mama anayekwenda hospitali hubeba vitu vitatu: mtoto mgongoni, kanga ya akiba na daftari. Ni daftari la kawaida kama la mtoto wa shule, lakini ndani yake zimo habari zote za mwili wake: magonjwa aliyougua, mimba alizobeba, vipimo alivyopimwa na dawa alizokunywa. La ajabu ni kwamba mwenye mwili ndiye asiyeweza kuzisoma habari hizo. Zimeandikwa kwa Kiingereza, tena kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, na mtaani kwetu hilo linatosha kunifanya msomaji wa madaftari ya watu. Asubuhi nitasikia mlangoni, "Mwangaluka mayu," na kabla sijaitikia vizuri daftari limeshatolewa kwenye mfuko. Kwa miaka kadhaa sasa nimeyasoma mengi, na nimeona kwamba Kiingereza cha hospitali si kile tulichofundishwa darasani. Ni lugha nyingine kabisa, yenye mitego yake.

Chukua sehemu za mwili. Kwetu mguu ni mguu, kuanzia kwenye nyonga mpaka kwenye kidole, lakini Mwingereza ameukata vipande viwili: juu "leg", chini "foot". Mkono nao kaufanya vivyo hivyo, na vidole vya mkononi kavipa jina lake na vya mguuni jina lake. Hayo si makubwa. Kubwa ni tumbo. Kisukuma tunasema nda, Kiswahili tumbo, na ndani ya neno hilo moja tunatia chakula, mtoto, mkojo na minyoo. Daktari yeye anatenganisha mfuko wa chakula, utumbo, kibofu na mji wa mimba. Ukimwambia "tumbo linaniuma" ukanyamaza, na nje kuna foleni ya watu arobaini, anaweza kukuandikia dawa ya minyoo kumbe kinachouma ni kibofu. Mama, onyesha kwa kidole. Sema ni juu ya kitovu au chini yake, sema linauma ukiwa na njaa, ukikojoa au ukiwa katika siku zako. Hilo halihitaji Kiingereza hata kidogo.

Na moyo je? Nilisomewa barua na binti mmoja aliyekuwa akilia, kwa sababu mama yake ameandikiwa "heartburn". Binti alijua "heart" ni moyo na "burn" ni kuungua, akaona mama yake anakufa. Kumbe ni kiungulia, kile kinachotupata wengi wetu tukiwa na mimba kubwa au tukila maharage na kulala papo hapo. Vivyo hivyo "chicken pox" haihusiani na kuku. Ni tetekuwanga.

Kuna jingine ambalo huwa linanichekesha. Daktari akiandika ulichomweleza, huandika kwamba mgonjwa "complains", yaani analalamika. Na usichokuwa nacho anaandika kwamba "denies", yaani unakana, kama vile uko mbele ya hakimu: anakana homa, anakana kukohoa. Mama mmoja mtu mzima alipotafsiriwa na mjukuu wake alikasirika kweli. "Nimelalamika lini mimi? Nilijibu nilichoulizwa!" Ndivyo walivyofundishwa kuandika, hakuna anayekushitaki.

Tukija kwenye dawa, mzaha unakwisha. Zile herufi "BD" na "TDS" zinazowatesa watu hata si Kiingereza, ni vifupisho vya Kilatini. Ya kwanza maana yake mara mbili kwa siku, ya pili mara tatu kwa siku. "PRN" ni pale unapohitaji tu, kwa mfano dawa ya kutuliza maumivu. Kwenye bahasha ya vidonge utakuta 1x3, na hapo yuko mama aliyekumbuka hesabu ya darasa la pili, moja mara tatu ni tatu, akameza vitatu kwa mpigo usiku ili amalize kazi. Maana yake ni kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja usiku. Dawa mseto ya malaria, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006, kwa mtu mzima huandikwa 4x2 kwa siku 3. Ni vidonge vinne, mara mbili kwa siku, jumla 24, na dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Ukipata nafuu siku ya pili ukavitunza vilivyobaki kwa ajili ya mtoto wa jirani, umewaumiza wawili.

Na kijiko! Chupa za dawa ya maji ya watoto tunazonunua dukani, nyingi zimeandikwa Kiingereza. "Teaspoon" ni kijiko cha chai, yaani mililita 5. "Tablespoon" ni kijiko kikubwa, yaani mililita 15. Tofauti ya maneno hayo mawili ni herufi chache, tofauti ya dawa ni mara tatu, na anayemeza ni mtoto wa kilo nane. Kama kuna maneno ya Kiingereza ambayo kila mama anapaswa kuyajua kwa sura, hata kama hajui kuyatamka, ni hayo mawili. Ongeza na "expiry", tarehe ya dawa kuharibika, na "external use", dawa ya kupaka ambayo hainywewi.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba majina yetu ni mazuri na ya kizungu ndiyo mabaya. Majina yetu nayo yana hatari yake. Mama mjamzito anaumwa kichwa sana, macho yanaona ukungu, uso na mikono vimevimba, kisha anaanguka na kutetemeka. Kiswahili kinaita kifafa cha mimba. Basi ndugu wakisikia kifafa wanafikiri ni kile kifafa cha siku zote, au ni pepo, na safari inaelekea kwa mganga badala ya hospitali. Kumbe ni ugonjwa wa ujauzito unaoambatana na presha kupanda, na hospitali wanayo sindano yake. Presha ikifika 140 kwa 90 mjamzito anatakiwa kufuatiliwa kwa karibu. Degedege nalo ni hivyo hivyo. Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, wakati mara nyingi ni malaria kali iliyofika kichwani, na kila saa inayopotea ni hatari.

Neno lililoniumiza kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa la Kiingereza. Mama mmoja tunayesali naye alipoteza mimba ya miezi mitatu wakati wa kuchuma pamba. Alitokwa damu usiku, akapelekwa hospitali kwa pikipiki, akasafishwa kizazi, na baada ya siku mbili akarudi nyumbani akiwa dhaifu na mwenye majonzi. Mumewe alimtunza vizuri. Wiki iliyofuata shemeji yake, kijana wa kidato cha tatu, alilifungua daftari na kusoma maneno haya: "incomplete abortion". Shuleni alilijua neno hilo kwa maana moja tu, kutoa mimba. Akamwambia mama yake, mama akamwambia mwanawe, na kabla ya jua kuzama wazee walikuwa wameitwa na ng'ombe wa mahari wameanza kuhesabiwa.

Mke yule hakuwa na la kujibu. Angejibu nini? Alijua hakufanya hivyo, lakini maandishi ya daktari yalisema amefanya, na nani atabishana na maandishi ya daktari? Alikaa jikoni amejifunika kanga.

Nilimwomba mumewe twende hospitali pamoja, na Mungu amsaidie yule baba, alikubali. Tabibu aliyetupokea alieleza kwa upole. Katika lugha ya uganga, neno hilo ni mimba yoyote iliyokatika kabla mtoto hajaweza kuishi nje ya tumbo la mama, iwe imekatika yenyewe au kwa mkono wa mtu. Neno la mbele yake lilimaanisha tu kwamba kuna mabaki yaliyobaki kwenye kizazi, ndiyo maana alisafishwa. Waingereza wenyewe wakizungumza nyumbani wana neno jingine la mimba kuharibika, "miscarriage", ila wataalamu wengi huandika lile la kwanza kwa mazoea. Kiswahili chetu hakina utata huo. Kuharibika kwa mimba ni kitu kimoja na kutoa mimba ni kitu kingine.

Baba yule alisikiliza kimya, kisha akaomba jambo moja: aandikiwe kwa Kiswahili. Tabibu akaandika kwamba mimba iliharibika yenyewe, akapiga muhuri. Karatasi hiyo ilisomwa mbele ya wazee jioni ile na ng'ombe wakabaki walipokuwa. Kama maneno yaliyotamkwa na mama mkwe yamefutika moyoni mwa mkwewe, hilo siwezi kulisema. Namfikiria yule mwanamke wa Injili aliyetokwa damu miaka 12. Alimgusa Bwana vazi akapona, bila mtu kumdai jina la ugonjwa wake.

Kwa nini basi waandike Kiingereza? Nimeuliza. Wanajibu kwamba ndiyo lugha waliyosomea tangu kidato cha kwanza hadi chuo, na kwamba mgonjwa akihamishiwa hospitali ya rufaa, ya mkoa wetu wa Simiyu au Bugando kule Mwanza, daktari wa huko lazima aelewe. Sababu ya kwanza naikubali. Ya pili inanishinda kidogo, maana daktari wa Mwanza naye anajua Kiswahili. Maneno hayakosekani. TUKI, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Na mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ili mtu aelewe hukumu yake. Daftari la mama mgonjwa lina uzito mdogo kuliko faili la kesi ya shamba?

Wakati tunasubiri, kikundi chetu cha akina mama kanisani kimeanza kidogo. Alhamisi moja kila mwezi, baada ya maombi, mwenye kutaka huja na daftari lake, na nesi mmoja mstaafu hutusaidia kulisoma. Tumekubaliana pia kwamba hakuna kutoka chumba cha daktari kabla ya kumwomba, kwa heshima, aseme kwa Kiswahili alichokiandika. Mwanzoni wengi waliogopa kwamba watafokewa. Mpaka sasa aliyefokewa ni mmoja, na wawili wameandikiwa kwa Kiswahili pembeni bila hata kuomba.

Alhamisi iliyopita alikuja mama mwenye mimba ya sita. Kwenye daftari lake palikuwa na "G6 P4+1", akafikiri ni namba ya kitanda. Nesi akamfafanulia: hii ni mimba ya sita, umezaa mara nne.

"Na hiyo moja ya kujumlisha?"

"Ni ile iliyoharibika."

Mama yule akalivuta daftari karibu, akaiangalia ile moja. "Ilikuwa mwaka ule wa njaa," akasema. "Nilidhani nimebaki mimi peke yangu ninayeihesabu."