Jicho Zima Lisiloona

Juni na Julai baridi ni kali hapa Ufipa. Watu wengi huugua mafua. Mafua ya kawaida hupita. Lakini yako mafua makali, yenye homa na maumivu ya mwili mzima. Mwaka 1918 yaliua watu wengi duniani. Askari wa Wajerumani waliojisalimisha Mbala, tarehe 25 Novemba mwaka huo, walipitishwa Kasanga kwetu. Baadhi yao waliuawa na mafua hayo.

Mimi niliyadharau mafua, mpaka yalipompata mama mmoja wa kisomo chetu.

Mama huyo alikuwa msomaji hodari. Alilala wiki nzima kwa homa kali. Aliporudi darasani alishindwa kusoma hata jina lake ubaoni.

"Mwalimu, naona ukungu," alisema.

Nilimtazama macho. Yalikuwa safi, bila wekundu wala tongotongo. Nikadhani amesahau herufi na anaona haya. Nikamwambia, "Jitahidi, mama." Siku tatu zikapita bure. Neno lile linaniuma hadi leo.

Jirani alitaka kumtia maji ya majani machoni. Mumewe alikataa. Tulimpeleka hospitali, Sumbawanga mjini.

Daktari alitueleza hivi. Jicho hupokea picha, lakini ubongo ndio unaotambua picha hiyo. Kati ya jicho na ubongo kuna mshipa wa fahamu. Baada ya mafua makali, mara chache, mshipa huo huvimba. Pengine ubongo wenyewe huvimba. Hapo mtu haoni, ingawa jicho lake ni zima. Ni kama redio nzima ambayo waya wake umekatika.

Mama alipewa dawa ya kupunguza uvimbe. Baada ya wiki kadhaa jicho la kulia liliona vizuri. La kushoto linaona kivuli tu. Amerudi kisomo. Anakaa mbele, karibu na dirisha.

Ndugu msomaji, ukiugua mafua kisha macho yakafifia, usingoje. Pengine jicho litauma ukiligeuza, au rangi zitapauka. Pengine mgonjwa atachanganyikiwa au atapata degedege. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usitie kitu chochote machoni.

Nasi walimu tumwamini mtu anaposema haoni. Mimi nilitazama macho ya mama yule, lakini sikumsikiliza.