Adui Asiyebisha Hodi

Magonjwa mengi hubisha hodi kabla ya kuingia. Homa huja na joto, na jipu huja na maumivu. Ukoma haubishi hodi. Huingia kimya, ukaanza kwa kuua neva zinazotupa hisi ya maumivu, na maumivu ndiyo mlinzi wa mwili. Mtu ashikaye sufuria ya moto asihisi kitu huungua bila kujua. Vidole vya mgonjwa haviliwi na ukoma, kama wengi wanavyodhani. Aghalabu huharibiwa na moto, miiba na vidonda visivyouguzwa.

Nilipokuwa mtoto, wazee wetu walilitaja jina la ugonjwa huu kwa mnong'ono, kana kwamba ni laana. Lakini tangu mwaka 1873 Gerhard Armauer Hansen, tabibu wa Bergen katika nchi ya Norwe, alikuwa amekwisha kukiona kijidudu chake. Dawa nayo ipo: mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 humponya mgonjwa kwa miezi 6 au 12. Kwa nini, basi, watu wangali wakilemaa? Kwa sababu dawa huua kijidudu, bali haifufui neva iliyokufa. Shida kubwa si kukosa tiba. Ni kuchelewa kutambua.

Na kumtambua adui huyu ni kazi ngumu. Huongezeka polepole mno, hata dalili huweza kukawia miaka 5, pengine 20. Tena hajapata kukubali kukuzwa katika chombo cha maabara. Wataalamu walilazimika kumkuza katika nyayo za panya, na baadaye katika armadilo, mnyama wa Marekani mwenye gamba gumu mgongoni.

Mwaka 2001 mpangilio wa jeni za kijidudu hicho ulisomwa wote. Tangu hapo wataalamu waliweza kujua ni protini zipi kinaweza kuzitengeneza, na kuzichunguza moja moja. Protini hizo ni kama nyayo za mwizi. Mwili ukikutana nazo huweza kutengeneza kingamwili za kupigana nazo, na kingamwili zikionekana katika damu, huwa shahidi kwamba mwizi amepita.

Lakini si kila shahidi ni wa kuaminiwa. Kijidudu cha kifua kikuu ni ndugu wa kijidudu cha ukoma, na protini zao nyingi zinafanana. Kipimo kisichowatenga ndugu hawa humtia hatiani asiye na kosa. Kwa hiyo hutafutwa protini za ukoma peke yake. Tena mgonjwa mwenye vijidudu vichache huenda asiwe na kingamwili za kutosha. Kwake yeye hutazamwa jinsi chembe nyeupe za damu zinavyoshtuka zinapopewa protini hizo. Hata leo hakuna kipimo kimoja kinachomtambua kila aliyeambukizwa.

Mwaka 2023 waligunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 180,000 duniani. Basi, msomaji, wakati maabara ikiendelea kutafuta shahidi wake, sisi tuwe mashahidi wa kwanza. Ukiona baka lenye ganzi katika ngozi yako au ya jirani, usilifiche wala usimkimbie mwenye nalo; mwende kwa tabibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa neva haujengeki tena.