Uvimbe Usiouma Chini ya Sikio

Mama mwenzangu, sisi wanawake tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu. Kinachouma tunakipeleka hospitali. Kisichouma tunakifunika kwa kilemba na kuendelea na kazi. Kwa uvimbe wa tezi za mate, mazoea hayo ni hatari.

Tunazo jozi tatu za tezi kubwa za mate: karibu na masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Uvimbe mwingi hutokea kwenye tezi ya karibu na sikio, na mara nyingi si saratani. Hukua polepole bila kuuma. Wengi hudhani ni matubwitubwi, lakini matubwitubwi huja na homa na maumivu, kisha hupungua kwa siku chache.

Dada mmoja wa kwaya yetu alikaa na uvimbe miaka sita. Mumewe hakumzuia, ilimzuia hofu. “Nesi,” aliniambia, “wakinikata hapa uso utapinda. Nitasimamaje kuimba?”

Hofu yake ilikuwa na msingi, kwani mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso hupita ndani ya tezi hiyo. Kwa sababu hiyo daktari bingwa huutafuta mshipa kwanza na kuulinda, ndipo aondoe uvimbe pamoja na sehemu ya tezi. Nilimsindikiza. Alipigwa picha ya altrasaundi, akachomwa sindano nyembamba ili chembechembe zipimwe maabara, kisha akapasuliwa. Pembe ya mdomo ililegea majuma machache, halafu ikarudi sawa. Haikuwa saratani, na leo anaimba.

Je, angeendelea kungoja? Uvimbe wa aina yake ukiachwa miaka mingi unaweza kugeuka saratani. Wala usikubali kuchanjwa: uvimbe ukipasuliwa ovyo hutawanya mbegu zake.

Wahi zaidi ukiona uvimbe unakua haraka, unauma, umeganda mahali pamoja, upande mmoja wa uso umelegea, au kuna matezi shingoni. Ikiwa ni saratani, matibabu ni upasuaji, na mara nyingi huongezwa mionzi, kama inayotolewa Ocean Road, Dar es Salaam.

Safari ijayo unapomsuka dada yako, pitisha vidole chini ya masikio yake. Ukikuta kivimbe kilichokaa zaidi ya majuma matatu, usimuulize kama kinauma. Mwambie mwende hospitali pamoja.